Mnato wa Kinyonga

1

Mimi mashine ya ngoma siipigi mezani. Naigeuza. Wenzangu wakifika sokoni wanakimbilia vibao vya juu, wanagonga na kutikisa vichwa, wanajiona wanamuziki. Mimi nailaza mashine kifudifudi nahesabu skrubu zake. Iliyofunguliwa na fundi wa hovyo huwa na skrubu moja isiyofanana na nyingine, na hiyo moja inanitosha. Kwa miaka kumi na tisa nimenunua na kuuza mashine za ngoma kwa namna hiyo, kwa ajili ya studio yangu ya chumbani pale Morogoro, na sijawahi kupigwa bei wala kuuziwa kopo tupu. Nasema hivyo bila kuona haya.

Soko letu linaitwa Meza. Linakaa kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa zamani wa kiwanda cha nguo. Wanachama mia na arobaini, wote watu wa studio za vyumbani: walimu, mafundi cherehani, madereva wa treni, mapadri wawili, na mimi, Asumpta Mloka, mstaafu wa hospitali, umri miaka sitini na moja.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilikuta mashine aina ya Kinyonga kwenye meza ya dada Tekla Magoha, karani wetu, ambaye huja na treni kutoka Kilosa. Kinyonga toleo la pili, nyeusi, vibao kumi na sita, kingo zimechakaa kidogo. Nilinyoosha mkono niigeuze. Mkono mwingine ukaniwahi.

"Mluguru!" akasema Hamidu Pazi. "Umeshuka mlimani leo? Kabichi umemwachia nani?"

Hamidu anauza vioo vya umeme wa jua Dar es Salaam. Ana tumbo la mtu anayekula kwa wakati na sauti ya mtu asiyewahi kukatazwa kusema. Yeye ni Mzaramo, mimi ni Mluguru wa Mgeta, kwa hiyo ni mtani wangu tangu kabla hatujazaliwa. Kwetu mtani hana adabu na wala hatakiwi kuwa nayo. Anaweza kuchukua chakula sahanini mwako, anaweza kukutangazia kifo mbele ya wakwe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

"Toa mikono," nikamwambia. "Ninyi ngoma mnajua kuzicheza tu. Kuzinunua waachieni wenye akili."

"Subiri nikuonyeshe akili."

Akavuta kiti. Akaweka vidole vinne kwenye vibao na kuanza kupiga, macho yamefumba, tumbo likisukuma meza ya watu. Nikaona huyo hamalizi leo. Nikamgeuzia mgongo, nikaanza kuzungumza na dada Tekla juu ya mashine nyingine iliyokuwa pembeni, ambayo skrubu zake zilinitia wasiwasi. Tulizungumza mpaka tukachoka. Hamidu alipoacha, alikuwa anatoka jasho.

"Mbao," akatangaza. "Hii ni mbao tupu. Hakuna kitu humu."

Kila mtu pale anajua kwamba mashine iliyofutwa mdundo wa aliyekuwa nayo hutoa sauti ya mbao. Sheria inataka ifutwe kabla haijafika mezani, na ikishafutwa inachukua wiki sita kuiva tena. Kinachobaki ni salamu tu. Hiyo ni mila yetu: kila mwenye mashine, siku anapoiuza, anaacha kipande kifupi cha mdundo kwenye chumba cha kwanza cha kumbukumbu, kwa ajili ya atakayefuata. Salamu hazifutwi. Kinyonga ile ilikuwa na salamu tano.

Niliigeuza. Skrubu zote nane zilikuwa za mama mmoja. Nikainunua kabla Hamidu hajafuta jasho.

2

Kinyonga haina saa ndani yake. Mashine za zamani zilikuwa nayo, ndiyo maana zilipiga kama mtu anayegonga misumari. Kinyonga inasoma mshipa kwenye ncha za vidole vyako, inajifunza damu yako inafika namna gani, inawahi wapi na inachelewa wapi, halafu inaikuza tofauti hiyo ndogo mpaka inakuwa mnato. Mnato ndio unaomfanya mtu asimame mlangoni na mzigo kichwani asikumbuke alikuwa anaenda wapi. Mashine mpya haina. Iliyoiva kwa mtu mwenye damu ya kawaida ina mnato wa kawaida. Hii ya kwangu, ilipotimiza wiki sita, ilitoa kitu ambacho sijawahi kukisikia.

Ngoma nzito ilikuja vizuri mara kumi, mara kumi na moja. Kisha ikakawia. Ikakawia mpaka bega langu likaanza kwenda mbele lenyewe kuitafuta, na ilipotua ilitua kwa nguvu, na matoazi yakaikimbilia. Nilicheka peke yangu chumbani. Nikacheza, na mimi si mtu wa kucheza.

Nilijua kuwa huo si mnato wangu. Miaka thelathini na moja nilikuwa mpimaji wa moyo kwenye hospitali ya mkoa, na kila kifaa kipya kilipokuja nilikijaribu kwangu kwanza. Moyo wangu unatembea kama askari wa gwaride. Nikakata shauri kwamba dada Tekla, pamoja na ukali wake wote, alifuta mashine kivivu na sehemu yake ikabaki humo. Nikafurahi kwa siri na nikanyamaza.

Jumamosi niliipeleka Kinyonga ukumbini, nikaiunganisha kwenye spika ya pamoja na kuiacha ipige. Maneno yakakatika meza kwa meza. Padri mmoja akaweka kikombe chini. Hamidu alikuja taratibu kutoka upande wa pili wa ukumbi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuanza na matusi.

"Umeitoa wapi hii?"

"Ni ile mbao yako."

Alifumba macho. Aliisikiliza mpaka mwisho, ikarudia, akaisikiliza tena. "Asumpta," akasema, na hilo nalo lilikuwa geni, jina langu kinywani mwake. "Miaka ishirini natafuta mnato huu. Nahisi kama nimeshausikia mahali, sijui ni wapi. Nakupa Kizito."

Ukumbi mzima ulisikia. Kizito ni mashine ya sanduku la mti, ya wakati ambao hazijaanza kusoma damu. Nchini zipo nne. Sauti yake ya chini inaingia kwenye mifupa. Nimemwomba Hamidu mashine hiyo kwa miaka kumi na moja, nimemwomba kwa upole, kwa matusi, na mwaka mmoja nilimwomba kwenye arusi ya binti yake. Nilipeana naye mkono haraka kabla hajarudiwa na fahamu. Tungebadilishana Jumamosi inayofuata.

Baada ya hapo akaketi ghafla juu ya kreti, akajipepea kwa karatasi. "Joto la kwenu hili litaniua. Juzi nilianguka bafuni, mke wangu akadhani nasujudu."

Tukacheka wote.

Kesho yake, nilipotoka misa, niliifungua Kinyonga kwenye ukurasa wa fundi. Kizito si kitu cha kupokea kwa mashine ambayo sijaikagua mpaka ndani, na pale hujificha mstari mtupu, mapigo ya vidole kama yalivyoingia kabla mashine haijayapamba. Niliutazama mstari huo sekunde chache tu. Kisha nikakaa chini.

Sikuhitaji kuvaa miwani. Nimeona mistari ya namna hiyo kwenye karatasi, kwenye vioo, na mara nyingine kwa watu ambao kesho yake kitanda chao kilikuwa kitupu. Moyo unapiga kumi na moja, halafu unasimama. Sekunde mbili na nusu. Unaanza. Unapiga tisa, unasimama, karibu tatu. Huo haukuwa mnato hata kidogo. Ulikuwa moyo unaosahau kazi yake, na siku moja ungesahau moja kwa moja. Tiba yake ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, kazi ya saa moja, na mtu anarudi nyumbani kula. Asiyewekewa huanguka bafuni mara ya kwanza, mara ya pili huanguka barabarani.

Na mimi sikuruhusiwa kumwambia mtu.

Nieleze hapa, kwa kuwa wapo watakaoniona mjinga. Zamani kampuni moja ya bima ilinunua mashine zetu mia kadhaa kwa mkupuo. Tulifurahia bei. Walizifungua ukurasa wa fundi, wakasoma mioyo ya walioziuza, na ndani ya mwaka watu wakaanza kunyimwa bima na kuachishwa kazi bila kujua kwa nini. Kaka yangu Filipo alikuwa dereva wa treni. Walimtoa kwenye kiti chake kwa moyo ambao haukuwa na tatizo kubwa, akafa kwa unyonge wa kukaa nyumbani. Ndipo Meza ikaweka Kanuni ya Nne: anayesoma mwili wa mtu kwenye mashine, na akautamka, anatolewa kwenye Meza maisha yake yote. Hauziwi, hanunui, haazimwi, hapewi, hatengenezewi. Haijalishi nia yake, maana kampuni ile nayo ilidai ina nia njema. Aliyeshika kalamu siku ile na kuandika maneno hayo ni mimi.

3

Jumatatu asubuhi nilipanda treni kwenda Kilosa. Nilikuwa nimekwisha amua kwamba mwenye moyo ni dada Tekla, na dada Tekla ana miaka sabini na mbili na anaishi peke yake.

Alikuwa uani anachambua mchele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Jumatatu hii? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nipe mkono."

Akaninyima. "Sema kwanza."

Nikazunguka huku na huku, nikauliza kama anapata kizunguzungu, kama ameanguka karibuni. Aliniacha niongee huku anatoa mawe kwenye ungo. Mwisho akaweka ungo chini.

"Asumpta, umefungua ukurasa wa fundi."

"Nimefungua."

"Kufungua si kosa. Kutamka ndiyo kosa. Kwa hiyo angalia mdomo wako, mimi ndiye karani." Kisha akanyoosha mkono wake mkavu. "Lakini mkono wangu ni wangu, nampa nimtakaye."

Nikashika kiganja, nikatafuta mshipa. Nilihesabu dakika mbili nzima. Moyo wa dada Tekla ulikuwa unakwenda vizuri kuliko hiyo treni niliyoipanda. Nilichanganyikiwa, na nikasema jambo ambalo lilimuudhi kweli: kwamba basi labda hakuifuta vizuri, na moyo ni wa aliyeimiliki kabla yake.

"Niliifuta mbele ya mashahidi wawili," akasema, na sasa sauti ilipanda. "Wewe mwenye kujua skrubu, umesoma kitabu chake? Kinyonga ya kwanza ilikuwa inasubiri mwenyewe ajiandikishe ndipo ijifunze. Ya pili haisubiri. Vidole vya kwanza vitakavyokaa juu yake dakika tatu baada ya kufutwa, hivyo ndivyo inavyovishika. Ukijiandikisha baadaye unajisumbua. Nilidhani unajua."

Sikujua. Kinyonga ya kwanza niliijua nje ndani, na hiyo ya pili niliidharau kuisomea. Nilikaa kwenye kigoda cha dada Tekla nikaona ukumbi, kiti kikivutwa, vidole vinne, macho yamefumba, tumbo likisukuma meza. Mimi nimegeuza mgongo nahangaika na skrubu za mashine nyingine.

Ndiyo maana Hamidu alidhani ameshausikia mahali. Alikuwa anaulalia kila siku.

Dada Tekla aliniona ninavyobadilika. Naye alikuwepo siku ile, naye anajua ni nani aliyekaa kwenye kile kiti. Hakuna aliyetaja jina.

"Kuna mtu anaweza kufa," nikasema.

"Kuna watu walikwisha kufa. Kaka yako mmojawapo. Tukisema huyu ana nia nzuri tumwache, kesho atakuja mwingine na nia nzuri yake." Akachukua ungo tena, lakini hakuchambua. "Lakini kanuni haiwezi kumziba mdomo mtani. Mtani anasema lolote. Wewe umekuwa unamtangazia mtu fulani kifo kila Jumamosi kwa miaka. Mtangazie tena. Mwambie aende hospitali. Hakuna karani atakayeandika utani kwenye daftari."

Nilitaka kumkumbatia. Nilirudi Morogoro nimekaa upande wa dirishani, natabasamu kama niliyeshinda kesi. Mtu ataokoka, kanuni itabaki nzima, na Kizito itakuwa chumbani kwangu ifikapo saa sita mchana Jumamosi.

4

Nilijiandaa kwa utani huo kuliko nilivyojiandaa kwa kitu chochote.

Hamidu alifika ameibeba Kizito kifuani, ameifunga kwa kanga ya mkewe. Wanachama walijikusanya kushuhudia mabadilishano. Nikasimama mbele yake, nikampima kwa macho kuanzia kichwani mpaka miguuni kama fundi wa majeneza.

"Mzaramo," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "nimeota umekufa. Moyo umesimama ukiwa bafuni. Nikaja kwenye msiba, nikalala kaburini mwako, nikasema sitoki mpaka nipewe kuku wawili na kitanda. Sasa kwa kuwa kuku wenu wamekonda, nenda hospitali. Nenda leo. Wakupime moyo, wakuwekee kifaa, uniondolee usumbufu wa safari."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Padri alijifuta machozi.

"Umesikia huyo!" akasema Hamidu. "Anataka nife baada ya kumpa Kizito, asije akanyang'anywa. Mluguru, nitakuzika mimi, na kabichi zako zote."

"Nasema nenda leo, Hamidu. Hiyo ya bafuni haikuwa joto."

"Ilikuwa sabuni!" Wakacheka tena. Akaniwekea Kizito mikononi.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyowaza. Mti wake ulikuwa laini, umelainishwa na mikono ya watu ambao sikuwajua, na ulikuwa na harufu ya kanga iliyofuliwa. Miaka kumi na moja. Nilikuwa nimeshasema. Mashahidi mia moja wamenisikia nikisema, na karani ameangalia pembeni kama alivyoahidi. Hamidu alichukua Kinyonga yake, akaanza kukunja waya, na alipoinuka akashika ukingo wa meza na kubaki ameushika. Uso wake ulipauka kwa muda mfupi. Kisha ukarudi, akaangalia kama kuna aliyemwona, akaendelea kukunja waya.

Ningeweza kuondoka. Nasema hili kwa sababu nimekwisha kusifiwa sana, na sistahili sifa zote: nilifika mpaka mlangoni na Kizito yangu. Nilikuwa na hasira, si na Hamidu, bali na ule ujanja wangu wa kwenye treni. Nilikuwa nimempa mtu dawa ndani ya pipi, na yeye amekula pipi akatema dawa, nami nataka kujihesabu nimemtibu. Kwa watani wengine wote utani ni uhuru. Kwangu siku ile ulikuwa mahali pa kujificha.

Nikarudi. Nikaweka Kizito mezani kwake.

"Hamidu, utani umekwisha."

Miaka yote tuliyojuana sikuwahi kumwambia hivyo, wala hajawahi kuniambia. Waliokuwa karibu wakasogea.

"Mnato uliomo kwenye hiyo mashine ni wako. Ulipiga siku ile kabla sijainunua, ikakushika wewe. Nimefungua ukurasa wa fundi nikauona moyo wako. Unasimama. Unasimama sekunde mbili, sekunde tatu, halafu unaanza tena, na iko siku hautaanza. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Sikutanii. Nipe mkono."

Alinipa kama mtoto. Nilishika mshipa, nikahesabu kwa sauti ili wote wasikie: moja, mbili, tatu. Nilipofika nane, hapakuwa na kitu chini ya vidole vyangu. Nilisubiri. Ukumbi wote ulisubiri, na niliona macho ya Hamidu yakianza kutafuta pa kushika. Kisha likaja, pigo moja zito, na wale waliocheza kwa mdundo huo wiki iliyopita waliutambua hata kwa kunitazama uso.

"Mama yangu," akasema Hamidu polepole. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Wakinitibu, utaondoka? Huu mnato?"

"Utaondoka."

"Kabisa?"

"Kabisa. Utapiga kama msumari."

Akaangalia Kinyonga iliyokuwa kwapani mwake. Nilimwonea huruma iliyonichoma. Miaka ishirini ametafuta kitu, amekipata, ni chake mwenyewe, na katika dakika hiyo hiyo anaambiwa akitoe. Ningekuwa mimi sijui ningejibu nini. Yeye aliiweka mashine mezani, akaifunika kwa ile kanga.

"Nipelekeni," akasema.

Padri alikimbilia gari. Walipokuwa wanamtoa, dada Tekla alisimama mahali pake. Alikuwa ameshika daftari.

"Kanuni ya Nne," akasoma. "Kuna mwenye pingamizi?"

Niliona midomo ya watu kadhaa ikijiandaa. Nikainua mkono kabla yao.

"Asipinge mtu. Kanuni ni nzuri, niliiandika mimi. Iandikeni kama ilivyo."

Wakaiandika. Kizito ilirudi kwa familia ya Hamidu, kwa kuwa mabadilishano yalivunjika. Kinyonga, kwa kuwa ndiyo iliyosomwa, ilitakiwa ifutwe na kuuzwa na Meza, na kabla sijaikabidhi niliomba jambo moja tu, ambalo hata aliyetolewa hanyimwi. Nikafungua chumba cha kwanza, nikaacha salamu yangu nyuma ya zile tano. Nilipiga gwaride langu, kisha nikatoka nje kwenye jua.

5

Miezi minne si mingi kwa anayeishi, ila Jumamosi zake zilikuwa ndefu. Mashine zangu nilizokuwa nazo zilibaki zangu. Moja iliharibika kibao na sikuwa na wa kunitengenezea, nikajifunza mwenyewe na kuunguza vidole. Watu wa Meza walinisalimia sokoni kwa upendo na kunizungumzia bei ya nyanya. Nilijiambia kwamba sijutii, na ilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba sikumbuki ukumbi, na huo ulikuwa uongo.

Asubuhi moja gari lilisimama mbele ya nyumba. Hamidu alishuka akiwa amepungua tumbo, amebeba sanduku la karatasi. Hakunisalimia. Aliliweka barazani, akanigeuzia mgongo na kuanza kukagua mpapai wangu.

"Mluguru," akauambia mpapai, "mimi sikuuzii kitu. Sikuazimi, sikupi. Kanuni naiheshimu."

"Sasa umefuata nini kwangu?"

"Nimekuja kudai msiba wangu. Nilishajiandaa kufa kwa heshima, nikanunua na sanda, ukaja kuniharibia. Sasa nina kidude kifuani kinanigonga sitini kwa dakika, mchana na usiku, nimekuwa mashine mimi mwenyewe. Mke wangu anasema nikilala anasikia saa ya ukutani." Akachuma papai langu bila kuomba. "Naona pale barazani mtu kaacha mali yake ovyo. Kama angepita mtani mwizi, akamnyang'anya, sidhani kama karani ana pa kuliandika hilo. Nilimuuliza. Alisema utani hauingii daftarini."

Nilitazama sanduku.

"Kizito?" nikauliza.

"Kizito ufe uione. Ondoka na hicho."

Nikaliiba sanduku. Niliingia nalo ndani mbiombio kama mwizi wa kweli, na nikamsikia akicheka kule nje mpaka akakohoa. Ilikuwa Kinyonga. Ile ile, nyeusi, kingo zimechakaa; kumbe ndiye aliyeinunua. Niliigeuza kwanza: skrubu nane, za mama mmoja. Kisha nikafungua chumba cha kwanza.

Salamu tano za zamani zilikuwepo, ya dada Tekla ikiwa ya mwisho kati ya hizo. Ya sita ilikuwa yangu. Baada yake ilikuja ya saba. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuna iliyowahi, hakuna iliyochelewa. Nilisubiri lile pigo likawie, bega langu likaenda mbele kulitafuta kwa mazoea, na pigo likawa limekwisha kufika.

Nilikaa kwenye kiti cha studio na kulia kwa sauti, na sikujali kama Mzaramo ananisikia. Ulikuwa mdundo mbovu kuliko yote niliyowahi kuisikia kwenye mashine. Niliurudia mara tisa, kisha nikauunganisha kwenye spika kubwa na kufungua dirisha, ili na yeye, huko mpapaini anakokula mali yangu, ausikie.